Nguo za Mchezo wa Kuimba

Mume wangu alianza kunitia shaka siku ya Jumapili, mchana kweupe, tukiwa tumekaa na binti yetu mbele ya televisheni.

Tulikuwa tunakaa Jinja, vyumba viwili nyuma ya duka lake la kushona, na televisheni yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu ndani ya nyumba. Ni miaka ile Wahindi walipokuwa wanarudi kudai majumba yao, viwanda vinapakwa rangi upya, na mwenye umeme alinunua mashine ya video kabla hajanunua kabati. Binti yetu, wakati ule ana miaka kumi na mmoja, alikuwa akikodi kanda kwenye kibanda karibu na soko. Aliipenda sana katuni moja ya vichekesho: mzee mnene mwenye duka la sabuni, mke wake mrefu aliyekonda, na mbuzi wao anayesema. Waligombana, walianguka, walivunja vyombo. Halafu, bila sababu niliyoiona mimi, waliacha ugomvi katikati, taa zikawamulika, wakajipanga mstari na kuanza kuimba.

Sehemu hizo zilinichosha. Nilifikiri waliotengeneza katuni wameishiwa maneno. Lakini siku hiyo mzee wa sabuni alipopanda ngazi ya dukani, akanyoosha mkono mmoja na kuimba amefumba macho, mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Binti akamgeukia. "Baba, unacheka nini? Si anaimba tu?"

"Anawadhihaki waimbaji," mume wangu akasema, huku akijifuta macho. "Iko michezo ya Wazungu ya kuimba, ya jukwaani. Huyo anayepanda ngazi ndiye mkubwa wa mchezo. Lazima apande kitu, wale wa viti vya nyuma wapate kumwona. Sasa angalia, hao wengine watageuka upande wa kushoto wote pamoja, kwa sababu wanangoja pazia."

Tukaangalia. Wote wakageuka kushoto. Pazia likashuka, likamwangukia mbuzi.

Binti alipiga makofi. Mimi nilimtazama mtu niliyekaa naye miaka kumi na mitatu, fundi cherehani, mtoto wa kijiji cha Budondo, ambaye hakuwahi kuniambia kwamba amekanyaga ukumbi wowote, nikajiuliza alijifunza wapi kujua pazia litashuka lini.

"Wewe umeyaona wapi mambo hayo?" nikamuuliza.

"Watu husimulia," akasema.

Niseme hapa mimi ni mtu wa namna gani, msomaji asije akadhani nilizaliwa na roho mbaya. Nimezaliwa Mbale, Namatala, katika watu ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kuwa askari wa Waingereza. Nyumbani tulisema Kinubi na Kiswahili. Baba yangu alikuwa sajini kwenye kambi ya Jinja, na kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari na samaki wakavu wa Masese. Mwaka ule Watanzania walipoingia na serikali ya wanajeshi ikaanguka, baba hakuja. Haikuja barua wala maiti. Waliokuja ni majirani. Watu tuliokuwa tukiwapelekea sahani za Idi walisimama nje ya ua wetu wakilitaja jina la baba, kisha wakabeba kuku, mabati ya jikoni, na mlango.

Jioni ile mama alituketisha chini. "Kuanzia leo," akasema, "Kiswahili hakitoki nje ya nyumba hii. Sokoni mtasema Kimasaba kama wenyeji."

Kiswahili kilikuwa lugha ya magari ya jeshi na ya vizuizi barabarani. Msichana aliyekisema vizuri alikuwa anajitangaza ni binti wa nani. Nikakua nikipima kila neno kabla halijanitoka, na nikimpima kila mtu kwa namna anavyonyamaza.

Fundi alifika Mbale miaka michache baadaye, cherehani imefungwa nyuma ya baiskeli. Alikuwa Mwislamu, mpole, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano. Alipokuja kuposa, mama alimuuliza swali ambalo siku zile kila mwanamume aliulizwa: "Wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Budondo, kwa wazazi wangu," akajibu. "Nililima viazi."

Mama akaridhika. Mimi pia niliridhika, mpaka ile Jumapili ya pazia.

Tangu hapo nikaanza kumtega. Nilimtuma binti akodi kanda zile zenye nyimbo nyingi, nami nikakaa mahali ninapouona uso wa baba yake kuliko ninavyoiona televisheni. Niliyoyaona hayakunipa amani. Wimbo ulipokuwa haujaanza, midomo yake ilikuwa imekwisha kuanza. Wachora katuni walipougeuza wimbo wa jukwaani ukawa wa sabuni na mbuzi, yeye ndiye aliyejua umegeuzwa kutoka wapi. Siku moja mke wa mzee wa sabuni alizunguka mara moja tu na gauni lake likawa gauni lingine. Binti akashangaa. Mume wangu akasema bila kufikiri, "Hilo limeshikwa na vifungo vya kubana mgongoni. Mtu mmoja nyuma ya pazia analivuta, linatoka lote." Halafu akaniona ninavyomtazama, akainuka kwenda kunywa maji.

Nani, katika miaka ile ya wanajeshi, alikuwa na nafasi ya kujifunza michezo ya Wazungu? Mimi niliwajua watu wa aina moja tu: watu wa usalama, wale wa miwani myeusi, waliopelekwa ng'ambo kwa mafunzo na kurudi kukaa kwenye klabu wakisikiliza nani anasema nini. Wazo hilo lilipoingia halikutoka tena. Nikakumbuka kwamba hotelini hakai ameupa mlango mgongo. Nikakumbuka kwamba hakuwahi kunipeleka kwenye mitaa ya upande wa ziwa, ingawa tunakaa Jinja hiyo hiyo. Usiku nilimsikiliza anavyopumua kama mtu anayesikiliza gari lililosimama nje.

Idi ilipofika tulikwenda Budondo, kwao. Wazazi walikuwa wamefariki, amebaki dada yake. Mimi na wifi tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya viazi vya pilau, wanaume wako msikitini. Nikasema, kama mtu anayepiga soga tu, "Wifi, mume wangu husifu viazi vyenu vya mwaka wa vita. Anasema hajala vitamu kama vile."

Wifi akacheka. "Yeye alivila lini? Sisi tulivila peke yetu. Yeye alifika hapa vita vimekwisha kitambo, amekonda, amenyolewa kichwa, hana hata kiatu. Mama alipiga kelele akidhani ni mzuka."

"Alitoka wapi?"

Hapo ndipo alipoutazama uso wangu, akaelewa kwamba sikuwa najua. Kisu kikasimama. "Muulize mwenyewe," akasema, akachukua kiazi kingine.

Sikumuuliza. Mtu wa usalama ukimuuliza, atakupa jibu aliloliandaa. Nilirudi Jinja na uongo wake mkononi, nikaupika, nikaupakua, tukala pamoja wiki tatu.

Asubuhi moja ya siku ya kazi nilikuwa barazani mwa duka nakata uzi, akaja bibi mmoja wa Kigoa, wale Wahindi Wakristo, mzee, amevaa gauni la maua na kushika mwavuli. Tulimdhani mteja. Alisimama akamwangalia mume wangu kwa muda mrefu, halafu akadondosha mwavuli.

"Fundi! Wewe bado hai?"

Mume wangu aliinuka hata kitambaa kikaanguka chini. "Memsaab," akasema. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya kijana. Akampa kiti chake, yeye akabaki amesimama.

Bibi alikuwa amekuja kudai nyumba ya marehemu kaka yake. Alinishika mkono na kunisimulia kwa Kiswahili chake cha zamani, haraka haraka. Kabla ya Wahindi kufukuzwa na wanajeshi, yeye na wenzake, Magoa na Wazungu, walikuwa na klabu upande wa ziwa, yenye ukumbi na jukwaa. Kila mwaka walicheza mchezo wa kuimba. Mume wangu ndiye aliyewashonea mavazi yote, na ndiye aliyevuta pazia.

"Huyu bwana yako anajua nyimbo yote kushinda sisi," akasema. "Mtu kama nasahau maneno, yeye nasema pole pole nyuma ya pazia. Siku ya kufukuzwa mimi napa yeye funguo. Maboksi saba ya nguo. Nasema, fundi, chunga, sisi tarudi." Akamgeukia. "Sasa iko wapi, nguo yetu?"

Mume wangu alikuwa ameinama anaokota kitambaa. "Vita vilizichukua, Memsaab."

"Ah! Nani naiba nguo ya mchezo? Nani naweza kuvaa?" Bibi alicheka sana. Mume wangu hakucheka, na hakuinua kichwa.

Alipoondoka nilipaswa kufurahi. Hakuwa mtu wa usalama. Alikuwa fundi wa mavazi, mvuta pazia. Lakini kazi safi namna hiyo mtu anaifichaje kwa mkewe miaka kumi na mitatu? Shaka yangu haikuondoka, ilihama tu. Ilikuwa kwenye kazi aliyofanya miaka ile, sasa ikakaa kwenye yale maboksi saba.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, binti aliweka kanda mpya. Mzee wa sabuni na mbuzi wake walikuwa wanafukuzwa na askari. Wakakimbilia ndani ya ukumbi ambamo watu wanacheza mchezo wa kuimba. Askari nao wakaingia, mambo yakavurugika nyuma ya pazia, na pazia lilipofunguka, waliokuwa na bunduki walikuwa wamevaa sketi na kofia za manyoya, wanarusha miguu kwa mstari, na wacheza mchezo wamevaa magwanda. Binti yetu alicheka akalala sakafuni.

Mume wangu alisimama, akaizima televisheni, akatoka kwenda dukani.

Nilimpa binti chombo akatuchukulie mafuta ya taa kwa jirani. Kisha nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, anakanyaga, sindano inapanda na kushuka bila uzi.

"Nani walivaa nguo za Memsaab?" nikamuuliza.

Aliendelea kukanyaga.

"Wifi ameniambia hukuwa Budondo. Nimejua muda mrefu. Nani walizivaa?"

Akaacha. "Askari," akasema.

Akanieleza akitazama sindano. Bibi na wenzake walipoondoka, ukumbi ulifungwa, yeye akabaki na funguo. Akapata ruhusa ya kushona kwenye chumba cha nyuma, na kila mwezi aliyafungua maboksi, akaanika nguo, akabadilisha dawa ya nondo. Miaka saba alifanya hivyo, hakuna aliyemtuma. Halafu Watanzania wakakaribia. Mizinga ikasikika upande wa magharibi, maduka yote yakafungwa, na askari wa kambini wakaanza kukimbia kuelekea mashariki. Mtu mwenye gwanda barabarani alikuwa mtu wa kuuawa, na nguo za raia hazikupatikana. Mmoja wao akakumbuka fundi wa ukumbini.

"Alikuja saa nane mchana," mume wangu akasema. "Akanielekezea bunduki. Nikasema, afande, hapa kuna nguo za mchezo tu. Akasema, lete hizo hizo. Akaondoka na koti la mkia na suruali ya mistari."

"Wengine?"

"Wengine waliambiana. Walikuja wawili wawili. Mmoja alichukua joho la padri. Mmoja, kijana mdogo, alichukua gauni, akajifunga kitambaa kichwani."

"Nao walikuelekezea bunduki?"

Aligeuza gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Hapana. Wa kwanza tu. Wengine niliwafungulia mlango mwenyewe. Walikuwa wanatetemeka, mama. Niliwafunga vifungo kwa mkono wangu."

Jioni maboksi yote saba yalikuwa matupu, na sakafuni amebaki na lundo la magwanda. Hakuyachoma. Aliniambia ilimshinda kukitia moto kitambaa kizima. Aliyakunja, akayaweka ndani ya maboksi. Washindi walipoingia mjini, wakayakuta. Walimuuliza wenye magwanda wamejificha wapi, na yeye ni afisa wa cheo gani. Alipowaambia habari ya mchezo wa kuimba walimpiga zaidi, wakidhani anawafanyia mzaha. Wakamfunga karibu mwaka mzima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia nani siku zile kwamba niliwasaidia askari kukimbia? Wangenimaliza hata hapo Mbale."

"Mimi ni binti wa askari."

"Ndiyo," akasema. "Wewe ndiye sikuweza kabisa kukwambia."

Hapo ndipo lilipokuja lile swali, na lilipokuja nilishangaa kwamba halikuja mapema. Baba yangu alikuwa kambi ya Jinja. Picha yake, amevaa gwanda, ilikuwa ukutani kwa mama siku fundi alipokuja kuposa. Alikaa chini yake, akanywa chai.

"Ulipoiona ile picha," nikasema, "ulimjua?"

"Sikuangalia nyuso zao. Fundi anaangalia mabega, anaangalia kiuno. Nilikuwa natafuta nguo itakayomwenea mtu."

"Usinijibu kama fundi. Ulimjua?"

"Sijui," akasema. "Niliitazama ile picha, na kila nikija Mbale naitazama. Wallahi sijui."

Sikumwamini, na sikuweza kusema amedanganya. Kwa wiki nzima nilimpakulia chakula na kukaa chumba kingine. Nilikuwa najiuliza jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu: je, alinioa kwa sababu alinipenda, au kwa sababu alimvalisha baba yangu nguo za mchezo na kumtoa nje ya mlango, na hakujua alifika wapi? Nilimwona akishona, nikaitazama mikono yake, nikafikiri huenda ndiyo mikono ya mwisho kumgusa baba. Mara nilitaka kuishika, mara nilitaka ikatike.

Mwisho nilimwambia tutakwenda Mbale na atamweleza mama mwenyewe. Hakubisha.

Mama alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini hajakubali hata mara moja baba asomewe dua. Aliogopa kumsomea mtu aliye hai. Tulimketisha kwenye mkeka, mume wangu akakaa mbele yake, akamsimulia yote. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama akasema, "Nieleze mmoja mmoja. Nani alivaa nini."

Akaanza upya. Koti la mkia. Joho la padri. Kijana wa gauni. Wawili waliogawana suti moja, huyu koti, huyu suruali. Mzee mmoja aliyevaa nguo za baharia. Kila mmoja alipopita mama alitikisa kichwa: siye. Nami nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, kwa sababu nilikwisha kuisikia orodha ile dukani, na nikamlazimisha airudie mara ya pili nyumbani, nione kama itabadilika. Haikuwa imebadilika.

"Na alikuwepo mmoja," mume wangu akasema, "mtu mzima, mabega mapana. Alichukua shati jeupe na kizibao cheusi. Mizinga inalia, wenzake wanamwita nje, lakini alikataa kuondoka kabla hajakunja gwanda lake. Alilikunja mara tatu, mikono ndani, kola juu, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, asante, fundi."

Mama aliweka kiganja mdomoni. "Mikono ndani," akasema. "Kola juu. Miaka yote nilimwambia hayo ni mambo ya jeshi, hapa nyumbani tundika tu. Huyo ndiye."

Akalia, ndiyo mara ya kwanza kumwona analia kwa ajili ya baba. Kisha akafuta uso na kusema Ijumaa tuwaite watu, dua isomwe. Akamshika mume wangu mkono akamwita mwanangu.

Mtu wa kizibao cheusi hakuwepo kwenye orodha ya dukani. Hakuwepo nyumbani mara ya pili. Nilitafuta ndani ya kichwa changu kama niliwahi, katika miaka ile kumi na mitatu, kumwambia mume wangu jinsi baba alivyokunja nguo zake. Huenda nilimwambia. Mtu na mkewe husema mambo mengi wakati wa kukunja nguo. Huenda sikumwambia.

Ijumaa dua ilisomwa Namatala. Walikuja watu wetu, na walikuja pia majirani wawili wa wakati ule. Walikaa karibu na mlango, wakala, hakuna aliyetaja kuku wala mabati. Mama aliongea Kiswahili siku nzima, kwa sauti, mpaka barabarani alipowasindikiza wageni.

Jumamosi tukapanda basi kurudi Jinja. Tulipopita mto na mashamba ya mpunga nikamwambia, "Yule wa kizibao. Mbona kwangu hukumtaja?"

"Nilikuwa nimemsahau," mume wangu akasema.

"Umemkumbuka kwa mama tu?"

Alitazama nje ya dirisha. "Mama yako amelala vizuri jana?"

"Amelala mpaka asubuhi."

"Haya," akasema, akaweka mkoba wa chakula alichotufungia mama juu ya magoti yake, akaanza kunimenyea yai.